Gari likilia, tusiongeze sauti ya redio

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hii tumeizoea mno kiasi kwamba twaitamka bila ya kuitafakari. Mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi wakainakili, kisha wakaitungia insha ya mtoto mkaidi aliyepuuza nasaha za wazazi wake. Leo naomba ruhusa ya kuitumia kwa jambo lisilomo katika insha hizo, nalo ni milio ya magari. Katika barabara zetu wako madereva wengi, na wenye magari wengi zaidi, ambao gari likianza kutoa sauti ngeni huwa na dawa moja tu: kuongeza sauti ya redio.

Usicheke, ndugu msomaji. Yamkini nawe umewahi kuitumia dawa hiyo. Mwandishi wa makala haya aliitumia, tena siku aliyokuwa ameaminiwa watoto wa watu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu msimamizi wa kwaya. Tulikuwa tumetoka Eldoret alasiri, baada ya mashindano ya muziki, na basi la shule lilikuwa linatupeleka Nakuru. Wanafunzi wengi walikuwa wamechoka, baadhi yao wamelala. Hatukuwa tumefika mbali pale mvulana mmoja aliyeketi nyuma kabisa, juu ya gurudumu la kushoto, alipokuja mbele akishikilia viti, akamwambia dereva kwamba kila breki zinapokanyagwa kuna kitu kinachokwaruza huko nyuma.

"Kijana, rudi ukae," dereva alimjibu. "Mimi nilishika usukani kabla mamako hajaolewa."

Waliokuwa macho wakaangua kicheko. Mvulana akanigeukia mimi, mwalimu wake. Nilimwashiria arudi kitini, kisha nikamwomba dereva atufungulie redio.

Tuliposimama Burnt Forest kutia mafuta, fundi mmoja aliyekuwa ameinama akiziba tairi kando ya kituo cha petroli aliinua kichwa basi likiingia. Hakuna aliyemwita. Alikuja akifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mzee, breki yako ya nyuma kushoto imekwisha. Usivuke Timboroa ukateremka na hiyo." Gurudumu lilifunguliwa, nasi tukajionea. Laini za breki, yaani vile vibamba vinavyoibana ngoma ya gurudumu ili gari lisimame, zilikuwa zimelika hadi kwenye ribiti, nazo ribiti zilikuwa zimechimba mifereji katika ngoma ya chuma. Mbele yetu ulikuwa mteremko mrefu wa kutoka Timboroa kuelekea Salgaa, barabara ambayo imewaliza Wakenya wengi.

Vipuri viliagizwa kutoka Eldoret. Tulifika usiku wa manane, wazazi wakiwa wamekasirika langoni. Niliwaambia kwamba basi lilipata hitilafu kidogo. Sikuwaambia kwamba mtoto wao mmoja aliigundua hitilafu hiyo mapema, na kwamba mimi ndimi niliyemnyamazisha. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisema hadharani.

Kesho yake nilimwita mvulana yule nikamwuliza alijuaje. Alinijibu, "Mwalimu, kwetu tuna kinu cha posho. Mahindi yakiisha ndani, zile sahani za chuma husagana zenyewe, na hulia vivyo hivyo. Chuma kinakula chuma."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naona linawahusu walimu na wanafunzi wote. Katika basi lile sote tulikuwa na masikio mazima. Dereva alisikia, mimi nilisikia, na bila shaka wanafunzi wengine walisikia. Lakini kusikia si kusikiliza. Mmoja tu ndiye aliyesikiliza, akalinganisha sauti ile na nyingine aliyoijua, akapata maneno ya kuieleza, kisha akathubutu kuyasema mbele ya wakubwa. Hayo ni mambo manne, na shule zetu zinadai kuyafundisha yote manne. Mbona basi siku yalipohitajika tuliyakaripia?

Wako watakaosema kwamba kubaini ugonjwa wa gari kwa kusikiliza ni ubashiri wa mafundi wa jua kali, wala si elimu. Hao nawakumbusha habari za tabibu. Mwaka 1816, huko Paris, daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka kwenye kifua cha mgonjwa na kuuweka sikioni mwake upande wa pili. Alisikia mapigo ya moyo kwa uwazi kuliko alivyowahi kuyasikia. Kutokana na karatasi ile kikapatikana kile chombo kinachoning'inia shingoni mwa kila daktari hadi leo. Hakuna anayemwita daktari mbashiri kwa sababu amesikiliza kifua.

Sasa nenda kwenye gereji yoyote ya jua kali umtazame fundi hodari. Atachukua bisibisi ndefu, aweke ncha yake juu ya injini inayounguruma na mpini wake karibu na sikio. Ataihamisha ncha hiyo hapa na pale, mbali na feni na mikanda inayozunguka, mpaka mahali ambapo mlio ni mkali zaidi. Mwanafunzi wa fizikia anapaswa kuijua siri ya jambo hilo. Hewani sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, lakini ndani ya chuma cha pua huzidi mita 5,000, tena hupita bila ya kutawanyika kama inavyotawanyika hewani. Fundi huyo huenda hakulisoma somo hilo, lakini analitumia kila siku. Nasi tuliolisoma tunampelekea gari na kumwambia sentensi moja tu: "Fundi, linalia."

Fundi mzuri hatosheki na sentensi hiyo. Atakuuliza maswali, na ukiyachunguza utaona kwamba ni maswali ya mtafiti. Linalia lini: asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya safari? Linalia wapi: mbele au nyuma, kushoto au kulia? Linalia likiwa limesimama, au likiwa linakwenda tu? Mlio unafuata kasi ya injini au kasi ya magurudumu? Ukikata kona unazidi au unapungua? Ukikanyaga breki unaanza au unakoma? Mwenye kuyajibu maswali haya sawasawa amekwisha kuifanya nusu ya kazi.

Mathalani, tuchukue breki za magari madogo. Pedi nyingi zimewekewa kijiulimi cha chuma, ambacho hakigusi kitu wakati pedi ni nene. Pedi ikikaribia kwisha, kijiulimi hicho hugusa sahani ya breki na kutoa mlio mwembamba wa kukera, kwiii, gari linapokwenda. Mlio huo si ajali. Mtengenezaji aliuweka makusudi ili ukukere hata uende kwa fundi. Ukiupuuza, mlio mwembamba utageuka kuwa mkwaruzo mzito, krrr, na hapo pedi zimekwisha na chuma kinasaga chuma. Badala ya kununua pedi peke yake, sasa utanunua na sahani, ikiwa Mungu amekujalia kufika dukani. Hata hivyo, si kila mlio wa breki ni msiba. Asubuhi yenye umande sahani hushika kutu nyepesi, na breki zikalia mara mbili tatu kisha zikanyamaza. Ndiyo maana swali la "lini" huulizwa kwanza.

Beringi ya gurudumu ikichakaa haipigi kelele, huvuma. Mvumo wake huanza chini chini kama wa nyuki ndani ya mzinga, ukapanda kadiri gari linavyoongeza mwendo, wala haujali injini inazunguka kwa kasi gani. Ukikata kona kuelekea kulia, uzito wa gari hulalia upande wa kushoto. Mvumo ukizidi hapo, anza kuishuku beringi ya kushoto. Kwa upande mwingine, kiungo cha ekseli ya mbele hulia ka-ka-ka-ka pale usukani unapozungushwa sana, kama vile dereva anapogeuza gari uwanjani. Aghalabu chanzo chake ni kule kupasuka kwa mfuko wa mpira unaoifunika grisi. Grisi ikimwagika, vumbi huingia, na kiungo kikaanza kujila.

Injini nayo ina lugha yake. Katika injini za kawaida kila valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya mhimili mkuu. Injini ikiwa imetulia na mhimili huo unazunguka mara 800 kwa dakika, valvu hufunguka mara 400, yaani karibu mara 7 kwa sekunde. Kwa hiyo tapeti zilizolegea hutoa mlio mwepesi wa haraka, ta-ta-ta-ta, mfano wa cherehani. Lakini ukisikia kishindo kizito kinachotoka chini ya injini, ko-ko-ko, kikazidi gari linapopanda mlima au linapovuta mzigo, huenda ni beringi zinazoshika mikono ya pistoni, na yamkini oili imepungua au haifiki. Mlio wa kwanza waweza kungoja hadi kesho. Wa pili haungoji. Simama, zima injini, usiende hata kilomita moja zaidi.

Aidha kuna ule mlio wa pu-pu-pu unaotoka chini ya sakafu, ambao abiria huudhani kuwa ni uzee wa gari tu. Hiyo ni ekzosi iliyotoboka. Ubaya wake hauko katika makelele. Katika moshi wa injini mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikiingia ndani ya gari lililofungwa madirisha huwalevya watu na hata kuwaua usingizini. Fikiria basi la shule alfajiri ya baridi, madirisha yamefungwa na watoto wanasinzia.

Nimeyataja haya kwa ufupi, nami si fundi wala sitaki msomaji aache gereji akajitibia gari kwa makala ya gazeti. Ninalotaka ni kuonyesha kwamba milio si kelele tupu. Ina mpangilio, ina sababu, na ina majina. Na hapo ndipo napenda kuwageukia walimu wenzangu wa Kiswahili.

Lugha yetu ina hazina kubwa ya tanakali za sauti. Mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba kitu huanguka majini chubwi, mchangani tifu na matopeni tapwi. Zaidi ya tanakali, tuna vitenzi na nomino za kila aina ya sauti: kuvuma, kunguruma, kukwaruza, kukoroma, kugongagonga, mlio, mvumo, kishindo, mkwaruzo. Lakini tunavifundishaje? Tunavipanga katika orodha, mwanafunzi akazikariri, akajaza mapengo katika mtihani, kisha akazisahau. Hatumtoi nje akasikilize. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyepata alama ya juu katika Kiswahili huenda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wengi hata leo huiita Grogan, akasimama mbele ya fundi akashindwa kueleza gari lake lina nini.

"Linaliaje?" fundi humwuliza.

"Linalia tu."

Basi fundi atakisia. Atabadilisha shoki, mlio ubaki. Atabadilisha bushi, mlio ubaki. Siku ya tatu atabadilisha beringi, na mlio ukome. Mwenye gari atalipa mara tatu, kisha atarudi nyumbani akisimulia jinsi mafundi wa jua kali walivyo wezi. Sikatai kwamba wezi wapo. Lakini aliyeshindwa kutofautisha mvumo na kishindo naye alichangia hasara yake. Umaskini wa maneno huzaa umaskini wa mfuko.

Wapo watakaonipinga wakisema kwamba zama za masikio zimepita. Magari ya siku hizi, watasema, yana kompyuta. Fundi huchomeka kifaa chake chini ya usukani na hitilafu ikajieleza yenyewe. Hoja hii ina ukweli wake. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa uchunguzi huo kwa magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1996, na leo hata mafundi wetu wa chini ya miti wanavyo vifaa hivyo. Lakini kompyuta husoma tu kile ilichowekewa kipimo. Bushi iliyolika haina kipimo. Kiungo cha ekseli hakina kipimo. Laini za breki katika mabasi mengi yanayobeba watoto wetu hazina kipimo. Huko msemaji ni mlio, na kifaa cha kuupokea ni sikio.

Wengine wataniambia kwamba magari ya umeme yanakuja, nayo hayana sauti. Kweli, tangu mwaka 2022 mabasi ya umeme yameonekana yakibeba abiria Nairobi, na yanapita kimya kama paka. Ukimya huo wenyewe umewatia watu wasiwasi. Umoja wa Ulaya, kuanzia mwaka 2019, ulianza kudai aina mpya za magari ya umeme ziwekewe sauti ya kubuni zinapokwenda polepole, ili mpita njia asigongwe bila ya kujua. Tena gari la umeme lina magurudumu, lina beringi, lina breki na bushi. Injini ya mafuta ikinyamaza, milio hiyo midogo itasikika zaidi, wala haitatoweka.

Tufanyeje basi? Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuja na ahadi ya useremala, uashi na kazi za mikono. Vifaa vikakosekana, na masomo mengi ya aina hiyo yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umerudi na ahadi inayofanana na hiyo. Mimi siombi karakana wala fedha. Naomba mambo mawili yasiyo na gharama.

La kwanza ni kipindi kimoja kwa muhula. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi wawatoe wanafunzi nje, hadi lilipo gari la shule. Dereva aliwashe, wao wakiwa wamesimama kando kwa usalama. Kila mwanafunzi aandike sauti anazozisikia: ni ngapi, zinatoka wapi, ni nzito au nyembamba, zinabadilika vipi injini inapoongezwa kasi. Halafu dereva, au fundi wa mtaa akipatikana, awaeleze kila sauti ni ya nini. Hapo tanakali za sauti zitapata makazi, na somo la mawimbi ya sauti litatoka katika kitabu. Isitoshe, mwanafunzi atamwona dereva na fundi kuwa ni walimu, jambo ambalo halitamdhuru.

La pili ni daftari moja katika kila basi la shule. Mtu yeyote aliyesafiri, awe mwalimu au mwanafunzi wa darasa la chini, akisikia mlio asiouelewa, auandike: siku gani, upande gani, gari likifanya nini. Dereva atie sahihi kwamba ameusoma, na basi lisiondoke kwa safari ndefu kabla ya mwalimu mkuu kuona kwamba kila kilichoandikwa kimechunguzwa. Najua baadhi ya madereva watalichukia daftari hilo, wakiona kwamba watoto wanawafunza kazi. Nawaomba radhi mapema. Dereva aliyezoea gari lake kila siku huuzoea na ugonjwa wake, kama mtu anayelala karibu na kinu akawa hasikii tena kinavyosaga. Sikio geni husikia ambalo sikio zoefu limelisahau. Hilo si tusi kwa dereva.

Wala mzigo huu usimwelemee dereva peke yake. Siku ile dereva hakuwa na mamlaka juu ya mvulana wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nayo. Tumewalea watoto wetu katika adabu ya kutowajibu wakubwa, na adabu hiyo siidharau. Lakini mtoto anayesema "breki inakwaruza" hamjibu mkubwa. Anatoa habari. Tukimnyamazisha leo ndani ya basi, tusimshangae kesho akiwa mtu mzima aliyeketi ndani ya matatu inayoyumba, anasikia anachosikia, na anatazama dirishani kama kwamba maisha yanayosafirishwa si yake.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima. Tulikutana mwaka jana, akanikumbusha safari ile huku akicheka. Mimi sikucheka sana. Nilimwambia jambo nililopaswa kumwambia siku ile pale Burnt Forest, mbele ya wenzake waliomcheka: kwamba yeye alikuwa sahihi na mwalimu wake alikuwa amekosea. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama basi lile bado lipo. Nikamwambia lilikwisha kuuzwa zamani, na hata sijui ni nani anayelisikiliza sasa.